Kuongeza nyuzi kwenye lugha ya sheli

Kuanzisha uzi (thread, yaani mkondo mmoja wa utekelezaji ndani ya mchakato) kwa `pthread_create` ni mstari mmoja tu wa C. Kazi ngumu iko kwenye vitu ambavyo nyuzi zote za mchakato hutumia kwa pamoja, na sheli, yaani programu inayosoma na kutekeleza amri, imejaa vitu hivyo.

1. Hali ya kitafsiri. Hamisha vigeu, funkisheni, `$?` (hali ya kutoka ya amri iliyopita) na chaguo za `set` kutoka kwenye vigeu vya jumla hadi `struct` moja. Kila uzi upewe nakala yake. Usilinde kila kitu kwa kufuli (mutex) moja kubwa. Nyuzi zitaishia kupokezana zamu tu. Mazingira (vigeu kama `PATH`) nayo yakae humo, kisha yapitishwe kwa `execve`, wito unaoendesha programu nyingine ndani ya mchakato, kwa sababu `setenv` si salama kwenye nyuzi nyingi.

2. Saraka. Hapa ndipo pa hatari zaidi. `chdir` huhamisha mchakato mzima: uzi mmoja ukiandika `cd /tmp` wakati uzi mwingine uko kwenye `rm *`, yatafutwa mafaili yasiyokusudiwa. Kwa hiyo `cd` ifungue saraka kwa `O_DIRECTORY|O_CLOEXEC` (alama ya pili hufunga faili `execve` inapoitwa) na kutunza namba yake (file descriptor) ndani ya `struct`. Mafaili yafunguliwe kwa `openat` kuanzia namba hiyo, upanuzi wa `*` usome saraka hiyohiyo, na mchakato mtoto uite `fchdir` kabla ya `execve`.

3. `fork`. Wito huu hunakili mchakato, lakini mtoto hupata nakala ya uzi ulioita tu. Kufuli lililokuwa limeshikwa na uzi mwingine hubaki limefungwa milele, na mtoto huganda. Andaa `argv` (hoja za amri), mazingira na njia ya programu mapema. Baada ya `fork` ita tu funkisheni zilizo salama ndani ya kishughulikia ishara (signal handler), kama `dup2`, `fchdir`, `execve` na `_exit`. Matokeo yake, sheli ndogo `( ... )` haiwezi tena kuendeshwa kwa `fork` tupu: iendeshe kama uzi mpya wenye nakala ya `struct`.

4. Mabomba (`|`). Tumia `pipe2` yenye `O_CLOEXEC`. Ukiita `pipe` kisha `fcntl`, uzi mwingine unaweza kufanya `fork` katikati. Mtoto wake atarithi upande wa kuandikia, na msomaji atasubiri mwisho wa data usiofika. Angalia pia `dup2` yenye namba mbili zinazolingana: haiondoi alama ya `O_CLOEXEC`, iondoe mwenyewe.

5. Kusubiri na ishara. `waitpid(-1)` huchukua watoto wa nyuzi nyingine, hivyo taja PID (namba ya mchakato). Zuia ishara katika nyuzi zote, uzi mmoja uzipokee kwa `sigwait`. Mtoto hurithi kizuizi hicho: usipokiondoa kabla ya `execve`, Ctrl-C haitamsimamisha.