Mkorofi kwenye sheli: anzia kwenye mita

Nauza mafuta Morogoro. Nilianza kwenye pampu, siku hizi nasimamia zamu. Vijana wapya wakinijia kulalamika kwamba fulani ana roho mbaya, fulani haambiliki, nawauliza kwanza: mlisoma mita pamoja? Jibu mara nyingi ni hapana, na ugomvi mwingi wa sheli unazaliwa hapo.

Kwa asiyeijua kazi hii: kila pampu ina mita inayohesabu lita zote zilizopita, na namba zake hazirudi nyuma. Anayetoka anaandika alipoishia, anayeingia anaanzia hapo. Ukitoa namba ya mwanzo kwenye ya mwisho unapata lita, ukizidisha kwa bei unapata hela inayotakiwa kuonekana, ukijumlisha taslimu, malipo ya simu na mauzo ya mkopo. Ikipungua, hiyo ni shoti, na shoti haikosi mtu wa kubebeshwa. Sasa mwenzako anafika amechelewa, bodaboda wamejipanga wanapiga honi, anakwambia, "Nenda tu dada, nitasoma mwenyewe." Jioni lita kumi hazionekani. Yeye anasema zilipotea kwako, wewe unasema kwake, na kuanzia siku hiyo hamsalimiani. Hakuna aliyekuwa mkorofi asubuhi.

Kwa hiyo someni wote wawili, kwa sauti, andikeni, kila mtu asaini, na wewe piga picha ya ukurasa huo kwa simu yako ukiwa mbali na pampu. Zamu ya usiku wa kuamkia Jumatano ya kwanza ya mwezi isome mita tena pale bei kikomo mpya za EWURA, mamlaka inayopanga bei za mafuta, zinapoanza, maana lita za bei ya zamani na za bei mpya zikichanganywa hakuna atakayepiga hesabu ikakubali. Ukimwomba mwenzako msome, usimtazame kama mwizi. Mwambie, "Kaka, tusome wote, nisije nikakuachia mzigo." Asiye na neno atakubali bila shida.

Mkishazoea hivyo, wachache watakaobaki wasumbufu utawaona vizuri. Mchelewaji usimvae pale pampuni mbele ya wateja, wala usimwandikie kwenye grupu la WhatsApp. Subiri mkimaliza hesabu, hela imeshahesabiwa, kila mtu ametulia. Mtajie saa, usimtajie tabia: "Jana umeingia saa mbili kasorobo, juzi hivyo hivyo. Nina mtoto wa kupeleka shule. Kesho naomba saa moja kamili." Halafu nyamaza, umwache ajibu. Ukimwita mvivu atajitetea mpaka kesho, lakini saa mbili kasorobo imeandikwa kwenye daftari la zamu na amesaini mwenyewe. Kama amekuzidi umri, anza na shikamoo yako kama kawaida, kisha iwe ombi la ushauri: "Mzee wangu, hili la kupokezana tulifanyeje ili na mimi niwahi nyumbani?" Wazee wengi wakiulizwa hivyo hupanga wenyewe, na wakishapanga wanatimiza.

Ninayemwogopa zaidi ni mcheshi anayeazima hela ya mauzo. "Nipe elfu kumi, jioni narudisha." Huyu ni mgumu kumkatalia kwa sababu mnapendana. Jibu liwe lile lile kila siku, bila maelezo marefu: "Hela ya mauzo siigusi. Ningekuwa na yangu ningekupa." Ukimpa mara moja, siku utakayokataa atakuona umebadilika.

Anayekuletea maneno ya wenzako, mwambie, "Twende basi tukamuulize pamoja." Hatarudi.

Bosi anayefoka mbele ya wateja anahitaji subira ya pekee. Kama unajaza mafuta, usigeuke kumjibu. Maliza, rudisha mkono wa pampu mahali pake, pokea hela, toa risiti. Petroli ikiwa inamwagika hakuna hoja utakayoshinda. Baadaye mfuate ofisini mkiwa wawili: "Bosi, nikikosea naomba uniite pembeni. Ukinifokea pale, mteja naye ananidharau, anabishia mpaka namba ya mita." Taja hasara anayoiona yeye. Maumivu yako ni ya kweli, lakini hasara ya biashara ataielewa haraka zaidi.

Tena kuna bosi anayekata shoti kwenye mshahara bila hata kukuita. Hapo maneno matamu hayatoshi, shika sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, inaruhusu kukata kwa ajili ya hasara pale tu ilipotokea kazini kwa kosa lako, ukaelezwa kwa maandishi sababu, kiasi na hesabu yake, ukapewa nafasi ya kupinga, na ukakubali makato kwa maandishi. Makato yasizidi hasara halisi, wala yasizidi robo ya mshahara. Omba maandishi hayo kwa heshima, na uombe kwa barua, ubaki na nakala. Picha zako za namba za mita ndizo zitakazokusemea.

Akikataa kabisa, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA. Kama umefukuzwa, una siku 30 za kufungua mgogoro, na kwa migogoro mingine kama hii ya makato ni siku 60. Usizimalize ukisubiri ahadi ya "tutaongea mwisho wa mwezi". Nakala za daftari na barua ziweke nyumbani, siyo kwenye droo ya sheli.