Kuasili Mtoto Tanzania: Kutoka Ofisi ya Ustawi wa Jamii Hadi Kitandani Kwake

Anzia ofisi ya Ustawi wa Jamii ya halmashauri unayoishi. Usianzie kwenye makao ya watoto, wala kwa muuguzi anayemfahamu binti aliyejifungua juzi. Makao hayana mamlaka ya kukupa mtoto, wanamtunza tu. Anayeamua mtoto gani aende kwa nani ni Kamishna wa Ustawi wa Jamii, na mtoto anakuwa wako kisheria siku Mahakama Kuu inapotoa amri chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009. Wanaopata matatizo makubwa ni wale wanaopewa mtoto kimyakimya na kumwandikisha kana kwamba wamemzaa. Siku mama mzazi akibisha hodi, cheti kile cha kuzaliwa kinageuka ushahidi dhidi yao. Na "shukrani" ya fedha kwa mama au dalali inatosha kuangusha hata ombi zuri.

Mwombaji anatakiwa awe ametimiza miaka 25 na amzidi mtoto kwa miaka 21 au zaidi. Kwa mke na mume, mmoja akitimiza inatosha. Ndugu wa mtoto anaweza kuomba kuanzia miaka 21. Mtanzania asiye na mwenzi naye anaruhusiwa, ila mwanaume aliye peke yake ajiandae kueleza sababu maalum.

Barua yako kwa Kamishna inapitia kwa afisa ustawi, ikiambatana na nakala za vitambulisho, cheti cha ndoa, uthibitisho wa kipato, taarifa ya daktari, barua ya serikali ya mtaa na majina ya wadhamini. Kisha afisa atakuja nyumbani. Haji kukagua sofa. Anataka kujua mtoto atalala wapi, nani atashinda naye mchana, na kama baba anasema yale yale anayosema mama. Hapo ndipo maombi mengi hukwama: mume amekubali ili yaishe, au bibi anayeishi humo ndani hajaambiwa. Malizeni mazungumzo hayo kabla afisa hajafika. Na ukiandika kwamba unataka kichanga tu, wa kike tu, jiandae kusubiri. Anayepokea mtoto wa miaka mitatu au minne ana nafasi pana zaidi.

Ukikubaliwa, unapewa kibali cha malezi ya kambo: mtoto anaishi kwako chini ya uangalizi wa afisa kabla kesi haijasikilizwa. Kipindi hiki bado si mwanao kisheria, kwa hiyo usimbadilishe jina shuleni wala kupanga safari ya nje. Mahakama huteua mtu wa kusimamia maslahi ya mtoto katika shauri, mara nyingi afisa ustawi, na wazazi wanaojulikana walipo huombwa ridhaa.

Kabla ya kumchukua, omba kadi ya kliniki. Chanjo ya Penta ni wiki ya 6, 10 na 14. Ya surua ni miezi 9 na 18. Kilichorukwa kinafidiwa kliniki. Omba kipimo cha selimundu. Kuhusu VVU kuwa mwangalifu: mtoto wa chini ya miezi 18 anaweza kuonekana ana maambukizi kwenye kipimo cha haraka kwa sababu tu amebeba kingamwili za mama yake. Kwake kinachotoa jibu ni kipimo cha DNA-PCR, kinachotafuta virusi vyenyewe. Usikatae mtoto kwa karatasi ya kipimo cha haraka.

Kichanga asiyenyonya anahitaji takriban mililita 150 za maziwa ya kopo ya watoto wachanga kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mwenye kilo 4, basi, ni mililita 600, zigawanywe mara sita hadi nane. Fuata kijiko cha kopo hilo hilo. Kopo ni ghali, na kishawishi cha kuzidisha maji ili lifike mwisho wa mwezi ni kikubwa. Mtoto atashiba maji huku akikonda. Maziwa ya ng'ombe kama kinywaji kikuu yasubiri mwaka wa kwanza uishe.

Mtembelee makao mara kadhaa, ukijifunga khanga ile ile kila safari ili aizoee. Waulize walezi analala saa ngapi, taa huzimwa au hapana, anaitwaje na wenzake, anaogopa nini. Omba blanketi lake na usilifue wiki ya kwanza, hata likinuka. Hiyo ndiyo harufu pekee anayoijua.

Sherehe ya ukoo isubiri. Kwa wiki kadhaa za mwanzo, kulisha, kuogesha na kulaza viwe kazi ya mama na baba, si ya dada wa kazi wala ya shangazi aliyekuja kusalimia. Mtoto aliyelelewa na zamu za walezi anaweza kumrukia kila mgeni na kumwita mama. Watu watasifu kwamba ni mchangamfu, kumbe bado hajajua nani ni wake. Usimlaze peke yake chumba kingine usiku wa kwanza. Alizoea kusikia wenzake wakipumua. Ukikuta kipande cha ugali chini ya mto, usimgombeze. Mpe milo kwa saa zisizobadilika na umwachie ndizi mahali anapoifikia, hadi mwenyewe aache kuficha.

Ukweli aambiwe angali mdogo, wakati wa kuogeshwa au kusukwa, kwa maneno mepesi: "Ulizaliwa na mama mwingine, halafu sisi tukakupata, jaji akaandika kwamba wewe ni wetu." Usiseme "ulitupwa", hata kama taarifa ya polisi inasema hivyo. Asipoambiwa na nyie, ataambiwa na jirani siku ya ugomvi. Ndugu zake wapeni jibu la mtaani: "Ni mdogo wetu." Basi.

Familia za Kiislamu nyingi huchagua kafala: mtoto analelewa kikamilifu lakini anabaki na nasaba ya baba yake mzazi, na harithi kwa mafungu ya mirathi. Mnaweza kumwachia wasia usiozidi theluthi, au kumpa hiba mngali hai. Liandikeni mapema, maana matanga hayana subira na yatima.

Amri ikitoka, chukua nakala kadhaa zilizothibitishwa na mahakama, kisha nenda RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, ili aingizwe kwenye daftari la watoto walioasiliwa na upate cheti. Shule, bima na Uhamiaji watataka kukiona. Taarifa ya polisi, picha za makao na nguo aliyokuja nayo viwekwe pamoja kwenye faili moja. Siku atakapoviulizia, ni vyake.