Kitenzi cha Kiingereza kiandike pamoja na kihusishi chake

Unayejifunza Kiingereza, usikariri vihusishi peke yake. Orodha ya "in", "on" na "at" haitakufikisha mbali, kwa sababu "-ni" yetu inabeba kazi ambazo Kiingereza kimezigawa. "Mezani" ni "on the table" kwa sahani, lakini mtu aliyeketi kula yuko "at the table". "Na" nayo hutega: ameolewa na Juma ni "married to Juma", si "with".

Afadhali uandike daftarini kipande kizima: "depend on", "good at", "interested in", "listen to". Vitenzi visivyotaka kihusishi vitie alama nyekundu. "Discuss" ndicho kinachotusumbua zaidi, hata kwenye barua rasmi. Sisi hujadili kuhusu jambo, basi tunaandika "discuss about". Ondoa hiyo "about": "We discussed the budget." Vivyo hivyo "emphasize" hakihitaji "on". Ila nomino zake zinahitaji, na hapa wengi huchanganya: "a discussion about", "emphasis on".

Kwa wakati kanuni ni fupi: saa "at", siku na tarehe "on", mwezi na mwaka "in".