Fimbo ya Mzee Hupimwa Kama Kiatu

Fimbo ya kutembelea iliyorithiwa, au iliyonunuliwa kwa kukisia, mara nyingi huwa ndefu mno. Mzee akiishika, bega linapanda, kiwiko kinakunjika kupita kiasi, na mkono unakosa nguvu ya kukandamiza chini. Ikiwa fupi, anainamia upande na mgongo unaanza kuuma. Zote mbili huangusha watu.

Mpime akiwa amevaa viatu vya kila siku. Kama ni kandambili, mtafutie kwanza viatu vyenye mkanda nyuma, kwa sababu fimbo haiokoi mguu unaochomoka kiatuni. Asimame, mikono ining'inie, atazame mbele. Mwenye kibiongo usimnyooshe kwa nguvu. Mpime alivyo, maana ndivyo atakavyotembea.

Fimbo ya mti igeuze juu chini, mpini uguse sakafu kando ya kiatu, kisha weka alama usawa wa mkunjo wa kifundo cha mkono, pale pavaliwapo saa. Kutoka kwenye alama hiyo toa unene wa kitako cha mpira utakaovishwa nchani, kwa kawaida sentimita 1 au zaidi kidogo. Kata ukiacha nusu sentimita ya ziada, umwache aitumie siku moja, ndipo umalizie. Ukikata fupi huna pa kurudi. Akishika mpini, kiwiko kikunjike kidogo tu, digrii 15 hadi 20.

Fimbo ya alumini ina matundu ya kurekebishia urefu, kwa kawaida yaliyoachana sentimita 2.5. Chagua lililo karibu na kipimo, sukuma mpaka kitufe kitokeze chote na usikie "tak", kisha kaza pete. Kitufe kilichotokeza nusu hushika vizuri sebuleni na kuachia ngazini.

Sasa mkono. Hapa ndipo wengi hukosea: fimbo hushikwa upande wa mguu MZIMA. Goti la kulia likiuma, fimbo iwe mkono wa kushoto. Mtu akikanyagia mguu mbovu, misuli ya nyonga ya upande huo hulazimika kuvuta kwa nguvu ili kiuno kisilale upande wa pili. Fimbo iliyo upande wa pili inakibeba kiuno, na nyonga inapumzika. Fimbo na mguu mbovu viende pamoja, mguu mzima ufuate.

Kwenye ngazi, kupanda mguu mzima hutangulia, kisha mbovu pamoja na fimbo. Kushuka, fimbo na mguu mbovu vitangulie. Mkono mwingine usiachie reli.

Kitako cha mpira ndicho breki. Kipenyo chake cha ndani mara nyingi huwa milimita 16, 19 au 22, kwa hiyo nenda dukani na fimbo yenyewe. Kinachoingia kwa ulaini kitabaki topeni siku ya mvua. Kila wiki kigeuze ukitazame: michirizi ikiwa imefutika, au upande mmoja umelika hadi mti unaonekana, badilisha siku hiyohiyo. Kwenye vigae vyenye maji hata kipya huteleza, hivyo pangusa sakafu ya bafuni kabla hajaingia.

Fimbo moja huweza kubeba hadi takriban robo ya uzito wa mwili. Mzee akiiegemea mpaka kiganja kinachubuka, au miguu yote miwili inatetemeka, usimwongezee fimbo ya pili kwa kubahatisha; mpeleke kwa mtaalamu wa fiziotherapia akapimwe fremu ya kutembelea.