Picha za mahafali Mtwara: usizipige siku ya mahafali

Oktoba ya mwaka juzi mama mmoja aliingia kwenye kibanda changu cha kupigia picha, Chikongola hapa Mtwara, hata benchi hakulikalia, akanifungulia simu. "Mwanangu, huyu uliyempiga ni nani?" Nikatazama. Binti yake wa kidato cha nne, joho limemkaa vizuri, mashada matatu shingoni, na pale penye macho mashimo mawili meusi kama ya bundi. Nikamwambia, "Shikamoo mama. Ni binti yako huyo, ila nilimpiga saa sita na nusu mchana." Hakucheka, na haki alikuwa nayo. Jumapili iliyofuata nikawachukua kwa bajaji hadi Mikindani, mji wa kale jirani yetu, bila malipo, nikarudia kazi.

Mimi nilijua saa hiyo si ya picha, ila niliona aibu kumkatalia mteja. Shule nyingi hufanya mahafali ya kidato cha nne Septemba na Oktoba, kabla ya mtihani wa Novemba. Mgeni rasmi anachelewa, risala inasomwa, ngonjera, kwaya, na mpaka watoto waachiwe wapigwe picha jua liko utosini. Na huku kwetu "utosini" si lugha ya kutia chumvi. Mtwara iko kama nyuzi kumi kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupita juu yetu wima mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 21 Februari na tena karibu na tarehe 21 Oktoba. Simama uwanjani siku hizo saa sita na dakika chache uone, kivuli chako unakikanyaga. Kivuli cha paji la uso kinajaa machoni, cha pua kinaangukia mdomoni, na kofia ya joho nayo inaongeza paa lake.

Siku ya mahafali, basi, piga shughuli: keki, cheti, shangazi anayepiga vigelegele. Picha ile ya kutundikwa sebuleni ipangie siku yake.

Mwezi gani? Vijana wengi wananiletea ushauri wa mtandaoni wa Marekani, ambako wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari hupigwa picha zao rasmi wakati wa likizo ya kiangazi au majani yanapogeuka rangi ya dhahabu. Kule wana misimu minne. Sisi tuna mvua moja ndefu, inayoanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili au Mei, halafu ukavu. Mkorosho haugeuki dhahabu, ndugu yangu.

Ukiniachia nichague mimi, nachagua mwisho wa Mei hadi Julai. Mvua imeosha anga, nyasi bado zina uhai, joto limepungua na uso hautoki jasho kila dakika. Zaidi ya yote, jua limeenda kaskazini. Mwezi Juni hata saa sita mchana halifiki utosini, linakuja kwa mshazari kutoka kaskazini, na ukuta wa kusini wa nyumba yoyote unakaa kivulini karibu kutwa nzima. Hapo hata mteja aliyechelewa unaweza kumsaidia. Desemba mambo yanageuka: jua la mchana linakuwa upande wa kusini kidogo, kivuli chembamba unakitafuta ukuta wa kaskazini. Wapiga picha wenzangu wengi hawajui hili, wanazunguka na mteja juani kama wanatafuta mbuzi.

Kidato cha sita wanamaliza mtihani Mei, kwa hiyo Juni inawafaa sana, isipokuwa kuna mvutano mmoja. Binti anataka nywele zikue kwanza, maana shuleni alikuwa anakata. Na huku JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, wanaweza kumwita wakati wowote. Ushauri wangu ni kupiga mapema, nywele fupi zina heshima yake. Kidato cha nne wao wana likizo ya Juni, tumia hiyo hiyo.

Ubaya wa miezi hii ni kusi. Mchana upepo unavuma, joho linakuwa tanga la mashua, mtandio unamfunika mtu uso, na pwani chumvi inatua kwenye lenzi hadi picha inakuwa na ukungu. Asubuhi mapema kusi mara nyingi bado limelala. Nabeba pini kumi na mbili na kitambaa cha pamba cha kufutia lenzi, na sipigi nikiwa nimeelekeza kamera upepo unakotoka.

Agosti na Septemba mimi sizipendi. Watu wanachoma mashamba, moshi unatanda, na anga linakuwa na rangi ya maji ya mchele. Na kwenye mikorosho wakulima wanapuliza salfa, dawa ya kuzuia ugonjwa wa miti hiyo. Kivuli cha mkorosho ni kizuri kuliko vyote, kizito na cha chini, lakini shamba lililopulizwa salfa ya unga usimpeleke mtoto wa watu, macho yatawasha na picha zote zitakuwa za mtu anayelia.

Novemba kwenda Desemba mikrismasi inachanua nyekundu, na shati jeupe la shule mbele ya nyekundu ile halihitaji mapambo mengine. Mvua za Januari hadi Machi nazo zisikutishe. Wingu jeupe lililotanda ni kama shuka lililofunikwa juu ya taa, mwanga unakuja laini pande zote, hata saa tano unaweza kupiga. Angalia tu udongo. Ukipanda Newala au Masasi kwa picha, soksi nyeupe zifungwe kwenye mfuko hadi dakika ya mwisho.

Sasa saa. Mwanga mzuri wa jioni kwetu ni mfupi, kwa sababu jua letu linashuka wima halifanyi matembezi. Juni linazama kama saa 12:07, Desemba kama saa 12:40. Hesabu dakika arobaini kurudi nyuma, ndizo zako. Mteja wangu wa Juni namwambia afike saa kumi na nusu, nikijua atafika saa kumi na moja, na saa 11:25 tunaanza kazi yenyewe. Kubadilisha nguo kufanyike kabla, maana ukienda kununua maji ya kunywa umeshakosa nusu ya mwanga.

Asubuhi ni nzuri kuliko jioni, ila nani ataamka? Juni jua linachomoza kama saa 12:35, Desemba kabla ya saa kumi na mbili kamili. Ufukweni Shangani saa moja asubuhi pana utulivu, wavuvi tu na watu wa mazoezi. Msimamishe mtu akiwa ameliacha jua begani, si machoni, la sivyo atakunja uso.

Wapo wanaotaka jua linazama baharini. Hilo ni la Mji Mkongwe, Zanzibar, unakotazama magharibi. Pwani yetu jua linatoka baharini na linaingia nyuma ya minazi. Mnazi nao una uzuri wake.

Ukichagua ufukweni, uliza maji kabla ya kuuliza bei. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, wakati wa bamvua, yaani maji makubwa, bahari hujaa karibu na saa kumi jioni, na ile sehemu ya mchanga uliyoipanga iko chini ya mawimbi. Siku za nusu mwezi, maji mafu, saa kama hiyo bahari imejivuta, unabaki na mwani na matope. Mimi napenda siku mbili tatu baada ya mwezi mpevu. Maji yanachelewa kila siku karibu dakika hamsini, na jioni yanakuwa yamejaa na yametulia karibu na jua kuzama. Mvuvi yeyote wa Shangani atakupa hesabu hiyo bure ukimsalimia vizuri.

Asiyetaka bahari nampeleka Mikindani. Vichochoro vya nyumba za mawe vina kivuli hata saa nne asubuhi, na ukuta wa chokaa ulio ng'ambo unaopigwa na jua unarudisha mwanga usoni kwa upole kuliko taa yoyote niliyowahi kununua. Yule binti wa macho ya bundi nilimpigia hapo, mgongo kwenye mlango wa nakshi, ukuta mweupe mbele yake. Bisha hodi kwanza, ile ni milango ya watu. Na Boma la Wajerumani, lililojengwa 1895, ulizia ruhusa kabla hujapanda na ukoo mzima.

Jambo moja la kamera, hata ya simu. Shati jeupe linaidanganya. Kamera inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, na uso mweusi wa mtoto wetu unazama. Gusa uso kwenye kioo, siyo shati, kisha ongeza mwanga kidogo hadi macho yaonekane, shati likipoteza mikunjo kidogo si hoja. Na mafuta ya mgando yapakwe kwa kiasi. Jua la saa kumi na moja kwenye ngozi nyeusi linang'aa lenyewe, ila likikuta paji la uso lililopakwa kama sahani, doa jeupe hilo halifutiki.

Jua likishazama una dakika kama ishirini za mwanga wa buluu. Tumia kwa picha mbili za familia nzima, wote wasimame bila kutikisika, na mama awe katikati. Nilimpiga hivyo yule mama. Ndiyo aliyoitundika.