Masomo na timu ya shule: jinsi ya kupanga wiki bila kuangusha kimojawapo

Saa mbili za mazoezi hazimpotezei mwanafunzi alama. Zinazompotezea ni saa mbili zinazofuata, akiwa amefungua kitabu cha hesabu huku miguu inauma na macho yanafumba, anasoma mstari uleule mara tatu. Muda anao, ila kichwa kimechoka. Ndiyo maana ratiba nyingi nzuri za karatasini hufa wiki ya pili: zinahesabu saa, hazihesabu uchovu.

Michezo ya timu ina ugumu mmoja zaidi. Mkimbiaji anaweza kuhamishia mazoezi yake alfajiri. Mchezaji wa soka, kikapu, wavu au netiboli hawezi, kwa sababu wenzake hawatahama naye. Muda wa timu hausogei, basi masomo ndiyo yasogezwe, na yasogezwe yawe kabla ya mechi. Kazi iliyoachwa hadi baada ya mechi huwa haifanyiki, au hufanyika vibaya.

Anzia kwenye ratiba ya mechi

Kabla msimu haujaanza, mwombe kocha ratiba yote. Chora wiki zote za msimu kwenye karatasi moja kubwa, uziweke mechi kwanza: za nyumbani rangi moja, za ugenini rangi nyingine. Andika saa ya kuondoka na saa ya kufika nyumbani, si saa ya filimbi ya kwanza tu. Mechi ya ugenini ya dakika 80 inaweza kula saa tano au sita ukihesabu safari, kupasha misuli moto, kubadili nguo na kurudi. Wengi huandika dakika 80, kisha wanashangaa jioni imekwenda wapi.

Juu ya hizo, weka tarehe za majaribio, mitihani na kukabidhi kazi. Wiki ambayo mechi ya ugenini na jaribio vinagongana, izungushie wino mwekundu. Kwenye wiki hizo, jipangie tarehe yako ya kumaliza kazi siku tatu kabla ya tarehe ya mwalimu.

Sasa piga hesabu. Wiki ina saa 168. Usingizi wa saa 9 kwa usiku unachukua 63. American Academy of Sleep Medicine, chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani, inapendekeza saa 8 hadi 10 kwa vijana wa miaka 13 hadi 18, kwa hiyo hapo hakuna anasa. Shule pamoja na kwenda na kurudi, tuseme 45. Mazoezi na mechi, 15. Kula, kuoga na kazi za nyumbani, saa 3 kwa siku, ni 21. Jumla 144, zinabaki 24. Kosa la kawaida ni kuzijaza zote 24 masomo. Tenga 14 za kusoma, 6 za kupumzika, na 4 ziache tupu kabisa. Hizo nne ndizo zitakazokuokoa basi likichelewa au mechi ikiahirishwa na kuangukia wiki ya mtihani.

Kazi nzito kabla ya mazoezi

Kati ya kipindi cha mwisho na mazoezi mara nyingi kuna dakika 30 hadi 60 zinazoishia kwenye soga. Hizo, pamoja na asubuhi ya wikendi, ndizo saa zako bora. Hapo weka hesabu, fizikia, insha, chochote kinachodai kufikiri. Kilichobaki baada ya mazoezi kiwe chepesi: kupanga daftari, msamiati, kujiuliza maswali ya somo la siku ile.

Chukua mfano wa maswali 12 ya milinganyo yanayotakiwa Ijumaa, na Alhamisi kuna mechi ya ugenini. Jumatatu, kabla ya mazoezi, yapitie yote 12 kwa macho, kisha fanya manne, moja la kila aina. Usianze na rahisi zote. Lengo la Jumatatu ni kugundua unapokwama wakati bado kuna siku za kuuliza. Jumanne mfuate mwalimu na hilo moja lililokushinda. Jumatano malizia manane yaliyobaki uyaweke kwenye mkoba. Alhamisi huna deni. Anayeanza Jumatano usiku hugundua palepale kwamba hajui kutafuta vigawo, na hakuna wa kumuuliza.

Baada ya mazoezi kula, oga, pumzika dakika 20 ukiwa umekaa kwenye kiti. Kitanda kitakumaliza. Kisha soma vipindi viwili vya dakika 25 na mapumziko ya dakika 5 katikati, ufunge vitabu. Usijiamshe kwa kahawa au vinywaji vya kuongeza nguvu: kwa watu wengi kafeini huchukua kama saa tano kupungua nusu, hivyo uliyokunywa saa 12 jioni, nusu yake bado inazunguka mwilini saa 5 usiku.

Kwenye basi, kusoma kitabu huwaletea wengi kichefuchefu, maana sikio la ndani linahisi mwendo wakati macho yameganda kwenye ukurasa. Tumia masikio. Jirekodi kwa simu ukisoma maswali kumi, ukiacha sekunde kadhaa za kimya kabla ya kila jibu, usikilize wakati wa kwenda. Safari ya kurudi usiipangie lolote. Kila timu ina watu wanaoahidi kusoma wakirudi, na bado hajaonekana aliyefanya hivyo.

Mwalimu na kocha wajue mapema

Swali linalowaudhi walimu ni “Jana mlifanya nini?” Linamtwika mwalimu mzigo ambao ni wako. Taarifa itangulie kwa wiki moja, iandikwe, na iseme utakachofanya wewe:

“Mwalimu, samahani kwa usumbufu. Alhamisi ijayo tuna mechi ya ugenini, tutaondoka saa 6 mchana, kwa hiyo nitakosa kipindi chako cha saa 7. Ripoti ya maabara nitaikabidhi Jumatano. Naomba kujua kurasa mtakazosoma, na kama naweza kuja Ijumaa wakati wa mapumziko kuuliza nitakapokwama.”

Daftari la kunakili usiliombe kwa mchezaji mwenzako; naye alikuwa kwenye basi lilelile. Mtafute mapema mtu wa darasa lako asiye kwenye timu.

Kocha naye anaumizwa zaidi na kushtukizwa kuliko na kukosekana. Mtoro wa ghafla anaharibu zoezi lililopangwa kwa idadi kamili ya watu. Baadhi ya wachezaji huficha mtihani wakiogopa benchi, kisha wanakuja uwanjani hawajalala na benchi wanaipata palepale. Mwambie wiki moja kabla, na ukiomba ruhusa, omba siku ya mazoezi ya nguvu, ambayo unaweza kuyafidia peke yako. Siku ya kupanga kona na mipira ya adhabu usikose, maana hiyo haifidiki.

Ukigongwa kichwa

Hapa watu wengi wanapindua mpangilio. Aliyegongwa kichwa na kupata kizunguzungu, kuchanganyikiwa, kichefuchefu au maumivu ya kichwa anatoka uwanjani siku hiyohiyo na harudi hata akijisikia nafuu. Apelekwe kwa daktari. Saa 24 hadi 48 za mwanzo apunguze shughuli na skrini, kisha arudi kwenye masomo kidogokidogo: dakika chache za kusoma, nusu siku ya darasani, halafu siku nzima. Masomo hurudi kwanza, mechi baadaye, na kwa ruhusa ya daktari. Walimu waambiwe, kwa sababu jeraha hili halionekani kama mguu uliofungwa bendeji, na mwanafunzi anayesoma polepole wiki hiyo huonekana mvivu tu.

Pa kupunguza mambo yakizidi

Jumapili tenga dakika 15: alama za wiki, kazi zilizochelewa, usiku ngapi ulilala chini ya saa 8. Wiki moja mbaya ni kawaida ya msimu. Zikiwa mbili mfululizo, kata kitu, na usianze na usingizi kama wengi wanavyofanya. Anza na timu ya pili unayochezea nje ya shule, kisha mazoezi ya ziada ya wikendi. American Academy of Pediatrics, chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, inashauri angalau siku moja kamili ya mapumziko kwa wiki. National Athletic Trainers' Association, chama cha wataalamu wa afya ya wanamichezo huko huko, inashauri saa za michezo za wiki zisizidi umri wa mchezaji kwa miaka: wa miaka 16 asivuke saa 16. Jumlisha timu zote unazochezea, si ya shule peke yake. Ukishazivuka, mpelekee kocha hiyo hesabu kwenye karatasi.