SAT au ACT? Njoo na makosa yako kwanza

Wiki hii wamenijia watatu barazani, wote wa PCM (Fizikia, Kemia na Hesabu), wote na swali lilelile kuhusu mitihani ya kuombea vyuo vya Marekani: "Dada, nifanye SAT au ACT?" Nimewapa jibu ambalo halikumfurahisha hata mmoja: kafanye yote mawili nyumbani, Jumamosi mbili mfululizo, bure. Halafu uniletee makosa yako. Alama kaa nazo.

Lakini kwanza hakikisha unauhitaji huo mtihani. Kama unalenga chuo cha hapa nyumbani, matokeo ya Kidato cha Sita yanatosha. Acha kusoma hapa ukapige msuli. SAT na ACT ni za wanaoomba vyuo vya Marekani, na hata huko si kila chuo kinazitaka. Wakati wa korona vingi vililegeza. MIT walirudisha sharti mwaka 2022, Harvard na Dartmouth wakatangaza kulirudisha mwaka 2024. University of California wao hawazitazami kabisa katika kuchagua, hata ukiwapelekea alama zote. Basi andika orodha ya vyuo vyako, fungua tovuti ya kila kimoja, uone nani analazimisha, nani ameacha hiari, nani hataki. Penye hiari, na wewe unahitaji ufadhili, mimi nasema fanya. Afisa udahili aliyekaa Ohio hajui Division One ya shule yako ya kata ina uzito gani. SAT anaijua.

Sasa tofauti zenyewe. SAT siku hizi ni ya kompyuta, saa mbili na dakika 14, alama kuanzia 400 hadi 1600. Nusu ni kusoma na kuandika, nusu ni hesabu, na kila nusu imekatwa vipande viwili. Ukifanya vizuri kipande cha kwanza, cha pili kinakuja kigumu zaidi, na huko ndiko alama za juu ziliko. Ukikiharibu, cha pili kinakuja laini na alama zako zinapungukiwa na pa kupandia. Kwa hiyo ukiona maswali yamekaza ghafla katikati ya mtihani, usitetemeke. Hiyo ni habari njema.

ACT inapimwa kwa 1 hadi 36: Kiingereza, hesabu, kusoma, na sayansi ambayo tangu mabadiliko ya 2025 ni ya hiari. Sayansi yenyewe wala si ya kukariri, zaidi ni kusoma grafu na majedwali haraka. Kinachoumiza ACT ni kasi. Kiingereza ni maswali 50 kwa dakika 35, yaani sekunde 42 kila moja. SAT kwenye kusoma inakupa kama sekunde 70. Ndiyo maana wengi wa wanafunzi wangu huishia SAT: wanajua, ila hawakimbii kwa Kiingereza. Na ACT ukifanyia nje ya Marekani ni ghali zaidi, vituo navyo utafute mapema. Anayesoma Kiingereza mbio na kupenda majedwali, ACT inaweza kumfaa. Sitabishana naye.

Mimi nilifanya SAT mwaka 2014, enzi za karatasi na penseli, alama kamili zikiwa 2400. Hesabu nilipata 690. Kusoma, 430. Nilikuwa nimejifungia miezi mitatu nikisovu hesabu, kwa sababu hesabu ndiyo nilikuwa naipenda, na mtu hukimbilia anakosifiwa. Tena wakati ule jibu baya lilikukata robo alama. Tangu 2016 hakuna makato, kwa hiyo usiache swali hata moja wazi. Ikishindikana piga ana ana ana do, lakini jaza.

Kwenye hesabu, mtoto wa PCM anaingia kwa dharau. Ana haki: nyingi ni za Kidato cha Tatu na cha Nne, hakuna integresheni. Tatizo ni kwamba amelelewa na mtihani unaotoa alama kwa njia. SAT haioni njia yako. Inaona jibu, na unazo sekunde 95 hivi.

Tazama swali hili nililowapa: mlinganyo kx² + 12x + 4 = 0, ambamo k si sifuri, una jibu moja tu la x. k ni ngapi? Mmoja alianza kumwaga kanuni nzima ya kwadratiki, mstari chini ya mstari, mwandiko mzuri kama anamwandikia msahihishaji. Dakika tatu zikaisha. Wa pili alikumbuka kwamba jibu moja maana yake kilichomo ndani ya kipeuo ni sifuri: 144 − 16k = 0, k ni 9, kalamu chini. Wa tatu hakukumbuka chochote, nikamwonyesha kikokotoo cha Desmos kilichomo ndani ya programu ya mtihani. Unaandika y = kx² + 12x + 4, kinakupa kitufe cha kusogeza k, unasogeza taratibu huku mkunjo ukipanda, mpaka uguse mstari wa x bila kuukata. Pale unasoma 9. Yule wa kwanza akauliza, "Hii si kudesa?" Si kudesa. Kimewekwa hapo ukitumie, kwa hiyo kizoee kabla ya siku yenyewe.

Kusoma na kuandika ndiko pesa ilikodondoka. Vifungu ni vifupi, kimoja swali moja, lakini majibu manne yote yanasikika vizuri. Kwenye maswali ya viunganishi wanafunzi wangu huchagua neno lenye sauti ya kisomi. Dawa yake: funika majibu kwa kipande cha karatasi, soma sentensi mbili, kisha jiambie kwa Kiswahili kinachokaa katikati. "Lakini"? "Kwa hiyo"? "Kwa mfano"? "Isitoshe"? Ukishasema, funua na utafute linalolingana nalo. Kiswahili chako hakikudanganyi. Kinachokudanganya ni Kiingereza cha kuvutia.

Mkato, nuktamkato na nukta pacha zina kanuni chache, na zinarudi mtihani baada ya mtihani. Hizo zikariri kabisa, bila aibu. Msamiati wa kukariri kamusi nzima achana nao, hiyo ni SAT ya zamani.

Kwa mazoezi usinunue kitu. Pakua Bluebook, programu ileile utakayofanyia mtihani, ina mitihani kamili ya majaribio. Si mingi, kwa hiyo usiimalize ndani ya wiki moja kama karanga: mmoja kila wiki mbili, asubuhi, kwenye meza, simu ikiwa chumba kingine. Katikati tumia tovuti ya Khan Academy, nayo ni bure. Kisha daftari la makosa. Kila swali ulilokosa, andika ulichochagua, kwa nini kilikuvutia, na kwa nini si chenyewe. Neno "uzembe" nimelipiga marufuku kwenye hayo madaftari. Kila mtu hujificha humo.

Tarehe ndizo huwaangusha wengi. Mtihani wa Kidato cha Sita ni Mei, na baadaye kuna JKT (Jeshi la Kujenga Taifa). Vyuo vya Marekani, vingi hufunga maombi kati ya mwanzo wa Novemba na mwanzo wa Januari. Ukitaka kuanza chuo mwaka uleule unaomaliza, SAT yako iwe imekamilika kati ya Agosti na Desemba, ukiwa bado Kidato cha Sita. La sivyo kubali kukaa mwaka mmoja. Si dhambi, na mimi nilikaa.

Ada ya SAT msimu wa 2024/25 ilikuwa dola 68, na wa nje ya Marekani aliongeza 43. Msamaha wa ada ni wa wanaosoma Marekani na raia wake, hivyo mtu akija kukuuzia, mwache aende. Pasi ya kusafiria iombe sasa, na usajili kwa majina yaleyale, kwa mpangilio uleule. Kijana wangu mmoja alisajili majina mawili wakati pasi ina matatu, tukahangaika wiki nzima kurekebisha. Siku chache kabla ya mtihani unafungua Bluebook na kukamilisha maandalizi ili upate tiketi. Usingoje asubuhi ya kuamkia. Laptopu iwe na chaji ya saa tatu au zaidi, maana umeme hauna adabu. Mtandao ukikatika katikati endelea tu, majibu yanahifadhiwa. Unauhitaji kuanza na kutuma.

Wa kwanza kati ya wale watatu amerudi jana na makosa 31. Tumeyapanga mezani kwa aina. Kumi na manane ni ya mkato na nuktamkato, manne tu ya hesabu. Alikuwa amekuja na kitabu cha hesabu kwapani. Nimekiweka kabatini, tumeanza na mkato.